Sabuni Kumi na Mbili za Mwatumu

“Utazipeleka, na utazipeleka hizo hizo nyeupe,” alisema Nasra bila kugeuka, mwiko mkononi, moshi usoni. “Mwalimu akija adhuhuri, kapu analikuta mlangoni. Shekhe Zubeiri anapata sabuni zake, wewe unapata nafasi yako chuoni, mimi napata usingizi.”

“Sizipeleki,” alisema Mwatumu.

“Mnunuzi unaye. Nafasi unayo. Sasa wataka nini tena, wifi? Upigiwe matarumbeta?”

“Nataka mtu aifungue akicheka.”

“Aifungue nini?”

“Sabuni. Mtu aishike, aifungue, acheke. Basi.”

Hapo Nasra akageuka. Alimtazama wifi yake kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyemkuta juu ya paa, anashangaa kapitia wapi.

“Watu wanaofungua sabuni wakicheka wako wapi? Ulaya?”

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, uani kwao Mabawa, mjini Tanga. Nasra alikuwa anapika sabuni ya mafuta ya nazi kwenye sufuria kubwa la arusi aliloliazima miaka miwili nyuma, na mwenye sufuria alikuwa amekata tamaa ya kulidai. Mwatumu alikaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, mapajani ana mche wa sabuni na majani ya mkadi, yale marefu yenye kunukia, yaliyonyauka kwa kufungwa na kufunguliwa. Kando yake kulikuwa na kapu la sabuni kumi na mbili, kila moja imevishwa kitambaa cheupe na kufungwa mahali patatu: kichwani, kiunoni, miguuni. Na sabuni, kila mtu anajua, haina kichwa wala miguu. Hapo ndipo shari ilipoanzia.

Kwenye kitanda cha kamba, chini ya upenu, alilala Idarusi, mume wa Mwatumu na kaka wa Nasra, redio kaiweka sikioni. Redio ile haikuwa na betri tangu Ramadhani. Aliishikilia ili asiulizwe yuko upande wa nani.

Sasa, Mwatumu binti Ibrahimu alikuwa na mikono miwili, na yote miwili ilijua kazi moja: kufunga vitu. Aliirithi kwa mama yake, aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake huko Tongoni. Inasemwa bibi yule aliosha wanawake wa Tongoni mpaka wakapungua, ndipo akahamia mjini kutafuta wengine. Mwatumu alianza kumshikia kata ya maji akiwa na miaka kumi na miwili. Mama alipofariki, aliyemwosha ni yeye. Tangu siku hiyo, mwanamke yeyote akifumba macho upande ule wa mji, mlango unaogongwa ni wa Mwatumu.

Kazi ile ina heshima na ina thawabu, hakuna anayelikataa hilo. Lakini ina upweke wake. Mwatumu akiingia arusini, mazungumzo hushuka kidogo, kama taa iliyopunguzwa utambi. Atapewa pilau, atapewa kiti, ila hakuna atakayemwambia, mwenzetu, hebu tusaidie kumpamba biharusi. Wajawazito humwamkia kwa mbali. Kuna mmoja alikuwa akimwona anavuka barabara, akajifungulia upande wa pili, pacha.

Kazi yake nyingine ilikuwa kiwandani. Miaka kumi na minne alisimama mezani kwenye kiwanda cha sabuni: mche, karatasi, gundi, mche, karatasi, gundi. Ilipoingia ile miaka ya dhiki, kwanza iliadimika gundi, wakafunga kwa mate. Ikaadimika karatasi, wakatoa miche uchi. Yakaadimika mafuta, na hapo hata aliye hodari wa kufunga hana la kufunga. Mashine zilizimwa moja moja, na wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani wangoje kuitwa. Wengine wanangoja mpaka leo, na wameshazikwa.

Anayebisha kwamba miaka ile ilikuwa migumu, basi hakuwako. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Foleni ya dukani ilikuwa ndefu hata msichana mmoja aliingia mwisho wake akiwa mwari, akafika mbele akiwa na mtoto mgongoni, akaambiwa imekwisha. Na ule mwaka wa kusakwa walanguzi, matajiri walipotupa bidhaa zao baharini usiku na mchana kwa kuogopa kukamatwa, pwani yote iliota povu. Wiki mbili nzima changu walivuliwa wanateleza, ukimtia kikaangoni anaruka kwa jirani.

Hata kufa kulikuwa na foleni. Bafta ya sanda ilitolewa kwa kibali, na kibali kina mihuri mitatu. Mzee mmoja wa Chumbageni alingojewa kibali chake kwa muda mrefu mno, akaghairi, akainuka kitandani akaomba uji, akaishi miaka sita. Mwatumu ndiye aliyejua thamani ya bafta wakati ule. Alikata kwa mizani, hapotezi hata uzi, na kipande kinachobaki, kwa desturi, ni haki ya mwosha. Akavikunja vipande vyake kimoja kimoja akavitia kashani. Hakuvigusa kwa miaka.

Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kuingiza mali. Ghafla kila kitu kikawapo. Malori yakashuka kutoka Horohoro yamejaa mali ya Mombasa, na humo ndani sabuni: sabuni ya waridi, sabuni ya limau, sabuni ya kijani ya kuua wadudu ambao watu hawakuwa wanajua wanao. Na karatasi zake! Karatasi inang'aa, ina picha ya mwanamke nywele zimelowa, anacheka. Watu walinunua sabuni ile kwa ajili ya karatasi. Waliibandika ukutani. Kuna nyumba moja huko Mabawa yule mwanamke alikuwa amebandikwa mara arobaini, mgeni ukilala pale unaamka umechoka kwa kuchekwa.

Ndipo sabuni ya Nasra ilipoanza kudoda. Nasra alikuwa ameachika, amerudi kwa kaka yake, na alichorudi nacho ni elimu ya kupika sabuni aliyoipata Pemba kwa mama mkwe wake. Sabuni yake ilikuwa njema, nyeupe, inatoa povu hata kwa maji ya chumvi. Lakini alikuwa anaiuza uchi, imelazwa juu ya gunia, na pembeni yake amekaa yule mwanamke wa nywele zilizolowa anacheka.

“Ni karatasi tu inayotushinda,” Mwatumu alisema siku moja.

“Basi kaitafute,” Nasra alijibu.

Akaenda kuitafuta. Chuo cha wananchi kilikuwa kinaanzisha masomo mapya, cheti cha kusanifu vifungashio, na tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Mwatumu alisoma herufi kubwa mwenyewe, zile ndogo akasomewa. Yalitakiwa maombi ya maandishi, cheti cha darasa la saba, na umri usiozidi miaka thelathini. Yeye alikuwa na cheti cha kisomo cha watu wazima, chenye doa la mafuta ya taa, na miaka arobaini na minane. Akavaa buibui akaenda hivyo hivyo.

Mwalimu wa masomo yale alikuwa Bertha, binti wa kutoka Moshi, mgeni wa mambo ya pwani, mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuamini. Alimpa kila mwombaji yai moja na ukurasa mmoja wa gazeti, akasema, lifungeni hili liweze kusafiri. Vijana walichukua rula. Walipima, walichora, walikata. Mwatumu alilitazama yai kidogo, akalifunga, akasimama, akalitupa nje ya dirisha. Lilipita juu ya mnazi mdogo, likagonga nguzo ya bendera, likabingirika mpaka kwenye gwaride la mgambo. Walipolifungua halikuwa na ufa. Wengine husema liliwekwa chini ya kuku likaangua, na kwamba ukoo wa kuku wale uko hadi leo. Hilo halina ushahidi, ila kuku wapo.

Bertha alimwandika jina palepale, umri akauacha wazi.

Walikuwa kumi na wanne. Walielezwa kwamba miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Baada yake kamati itachagua wanane wa kuendelea mpaka cheti, sita watarudi makwao. Kila mmoja atafunga bidhaa kumi na mbili kwa vitu alivyo navyo nyumbani, azipeleke sokoni, na kamati itatazama mambo mawili: mkono, na mnunuzi.

Mwatumu alikwenda na kurudi kwa miguu, siku tano kwa wiki. Asubuhi anateka maji, anampikia Idarusi uji, anakwenda. Akirudi, huenda kuna aliyefariki, anaoga, anavaa, anakwenda tena. Kulikuwa na mlipuko wa homa mwaka ule, na wanawake wengi walifuatana. Alichoka uchovu ule ambao usingizi hauugusi. Analala nao, anaamka nao, anatandika kitanda nao. Darasani aliwahi kusinzia kalamu ikiwa inaandika, na Bertha akasema ndio mwandiko wake mzuri kuliko wote.

Ilipofika zamu ya zile kumi na mbili, alikuwa ametoka kuosha watu wawili kwa siku moja, mama na binti yake. Alikaa uani baada ya alasiri, miche kumi na mbili ya Nasra mbele yake. Karatasi hakuwa nayo. Akakumbuka kasha. Akatoa vile vipande vya bafta, vyeupe, safi, vimekunjwa vizuri, vina harufu ya mbali ya karafuu maiti. Akaanza. Macho yalikuwa mazito, kichwa kiko kwingine, mikono ikafanya inachokijua: kushoto kwanza, kulia juu yake, kaza, fundo kichwani, fundo kiunoni, fundo miguuni. Alipomaliza ya kumi na mbili alizitia kapuni, akajifunika khanga, akalala hapo hapo kwenye mkeka. Hakuona kitu. Fundi wa kuchinja haoni damu.

Asubuhi Bertha alipozipokea alishika shavu. “Mama Tuhfa!” alisema, maana Mwatumu alikuwa na binti mmoja wa jina hilo, kaolewa Pemba. “Mama Tuhfa, huu ni usafi gani! Hakuna rangi, hakuna kelele, ni utulivu mtupu. Hebu tazameni, darasa. Kitu hiki kinakutuliza hata kabla hujakifungua.”

Darasa lilitazama. Nusu yao walikuwa watu wa pwani. Unamwambiaje mwalimu anayefurahi hivyo? Kijana mmoja aitwaye Mundhir aliinama chini ya meza kama anatafuta kifutio, hakutoka huko mpaka kengele ilipolia.

Wakaenda soko la Ngamiani, wakapewa meza mlangoni. Zikapangwa kumi na mbili, safu moja, zimelala chali.

Wa kwanza kufika alikuwa Rahila muuza samaki, mwanamke ambaye hata askari wa baraza la mji walikuwa wanazunguka njia kumkwepa. Akachukua moja. Akaigeuza. Akainusa. Akaona mafundo. Aliirudisha mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama anavyolazwa mtoto, akajifunika kichwa akasema, “Inna lillahi wainna ilaihi rajiuna.”

Ikaenea hivyo. Wanaume walivua viatu wasijue kwa nini. Muuza vitunguu akazima redio yake. Watu wakajipanga, wakapita mmoja mmoja mbele ya meza, vichwa chini, na wengine wakaweka sarafu pembeni kimya kimya, kama wanavyotoa rambirambi. Bertha alidhani wananunua, akawaambia kila mmoja, “Karibu, chukua sabuni yako,” na kila alipomwinulia mtu kifurushi, yule mtu alirudi nyuma hatua tatu. Mzee mmoja alimsogelea Mwatumu akamuuliza kwa sauti ya chini, “Pole sana, mwanangu. Wote kumi na wawili ni wa mama mmoja?”

Hapo ndipo Mwatumu alipoziangalia sabuni zake kwa macho ya mtu mwingine. Akaona. Akakaa juu ya gunia la mchele, na watu wakasema maskini, mfiwa.

Adhuhuri habari ilikuwa imefika Tongoni kwamba Tanga kumezaliwa watoto kumi na wawili kwa mpigo na hakupona hata mmoja. Alasiri, Horohoro, ilikuwa kwamba ni majini yamefungwa na yanauzwa kwa rejareja, na malori yakapekuliwa mara mbili. Magharibi habari ilirudi Mabawa ikiwa imeshiba, ikamkuta Nasra kakaa na miche yake mingine juu ya gunia, na tangu saa hiyo hakuna mtu aliyenunua sabuni ya Nasra, ya kuvishwa wala ya uchi. Wateja wake wa zamani walipita wakitazama juu, kama kuna ndege.

Wiki nzima wifi wawili wale hawakuzungumza ila kwa kupitia Idarusi, na Idarusi hakuwa na betri.

Siku ya Jumanne akaja Shekhe Zubeiri. Mtu mpole, ndevu za hina, anasimamia mambo ya mazishi ya msikiti. Alikaa barazani, akanywa kahawa, akaomba kuona moja. Akaigeuza, akaridhika.

“Mama Mwatumu,” alisema, “watu wanacheka, mimi sikucheka. Kila mtu akifa tunahangaika. Sabuni huku, kitambaa kule, uzi hauonekani. Hiki ni kitu kimefungwa tayari, mtu anapewa mkononi, kina sabuni na kitambaa cha kuoshea. Nipe hizi kumi na mbili, na kila mwezi unifungie nyingine. Na hapa Mabawa pekee, Mungu atuhifadhi, hazitalala.”

Bertha aliposikia, alikuja mbio kwa baiskeli yake. “Mama, soko limejileta lenyewe! Mnunuzi wa kudumu! Kamati inakaa Alhamisi mchana. Darasa linavuja, kwa hiyo kazi za watu nitazipitia mwenyewe majumbani adhuhuri. Niwekee zile nyeupe mlangoni. Hakuna wa kukukataa.”

“Na nikitoa kitu kingine?” aliuliza Mwatumu.

Bertha alisita. “Kingine ambacho hakijaenda sokoni? Mama, hapo siwezi kusema. Mkono wako wanaujua, lakini mnunuzi utakuwa huna. Wako wengi wenye mnunuzi. Unaweza ukarudishwa.”

Basi ndivyo ilivyofika Alhamisi saa nne, Nasra na mwiko, Mwatumu na majani ya mkadi.

“Wifi,” alisema Nasra, sasa kwa sauti ya mtu aliyechoka kupiga kelele, “nisikilize. Mgongo huu umekwisha. Nilikuwa na wateja, umewakimbiza. Sikulaumu. Nakulaumu, lakini tuseme sikulaumu. Amekuja mtu mmoja tu dunia nzima anayeitaka sabuni yangu, na wewe wamkataa kwa sababu hachekelei?”

“Sijamkataa. Akifiwa nitakwenda, sabuni nitampa, kwa Mungu. Miaka thelathini nakwenda, nimekataa lini?”

“Basi?”

Mwatumu aliitazama mikono yake, imelala mapajani kama ya mtu mwingine.

“Nikiingia kwenye cheti kwa zile nyeupe, Nasra, nimeingia na kazi ile ile. Watanifundisha miaka miwili kufunga maiti vizuri zaidi. Kila nilichofunga mimi, akifungua mtu anafungulia kaburini, na anafungua akilia. Kiwandani niliwahi kufunga sabuni, ndiyo, lakini sikuona mtu akizifungua. Zilikwenda huko mbele ya safari. Nataka nifunge kitu kimoja. Kimoja. Kisha nimwone mtu.”

Idarusi alikohoa kitandani. “Zitieni kwenye gazeti,” alisema. “Mambo yaishe.”

“Gazeti gani, kaka? Umelilalia,” alisema Nasra.

Idarusi akairudisha redio sikioni.

Mwatumu aliokota tena mche na jani la mkadi. Alichokuwa anakitafuta tangu alfajiri kilikuwa kikuba. Mwanamke wa pwani haambiwi kikuba ni nini: mkadi, asumini, rehani, vimebanwa pamoja vikafungwa kidogo tu, unaweka kifuani, na mumeo akirudi ajue amerudi wapi. Alitaka sabuni ya Nasra ivishwe hivyo, jani la mkadi nje, asumini chache ndani, na ukindu mmoja wa kuvuta, uvute mara moja na harufu ikurukie. Kichwani aliiona imekamilika. Lakini mikono ilikataa. Aliifunga ya kwanza, akatazama: mafundo matatu. Akaifungua. Akaifunga ya pili kwa makini, akijihesabia kwa sauti, fundo moja, moja tu. Akapepesa jicho kumfukuza nzi, akatazama: matatu. Aliikalia mikono. Aliitia kwenye maji ya baridi. Alifunga kwa mkono wa kushoto peke yake, na mkono wa kushoto nao, mnafiki, ukaenda kichwani, kiunoni, miguuni.

“Ya ngapi hiyo?” aliuliza Nasra.

“Ya tisa.”

“Lete nione.” Akaitazama, akacheka kwa pua. “Hiki ni kikuba? Hiki ni kikuba cha kwenda nacho ahera. Na tuseme umekipatia, wifi, tuambizane ukweli sisi kwa sisi. Nani atavuta ukindu uliofungwa na wewe? Biharusi gani? Watu wakikuona kwenye karamu wanahesabu watoto wao.”

Halikuwa neno zuri, na Nasra alilijua lilipokuwa bado mdomoni, lakini lilikuwa limeshatoka. Mwatumu aliichukua ile ya tisa, akaanza kuifungua, fundo moja, fundo la pili.

Nasra aliutoa mwiko sufuriani, akausimamisha ukutani. Jua lilikuwa linapanda. Alisimama kidogo, akatazama jinsi jani la mkadi linavyopasuliwa kwa upande usio wake, na jambo hilo lilimuuma kuliko mengine yote. Maana Nasra, kabla ya ndoa na kabla ya talaka, alikuwa mfunga vikuba. Walimwita nyumba zote za arusi, Chumbageni mpaka Ngamiani. Inasemwa aliwahi kufunga kikuba mchana, na meli iliyokuwa inatoka bandarini ikageuza, nahodha anataka kuoa. Alipoachwa aliacha. Hakukaribia asumini kwa miaka tisa.

“Unapasua mkadi kama unachuna ngozi,” alisema. “Uzi wake unakwenda huku. Huku, wewe!”

“Basi nionyeshe.”

“Lete nikufungie, tumalize, nikapumzike.”

“Usinifungie. Ukinifungia itakuwa yako. Nionyeshe.”

Nasra alisonya msonyo mrefu uliowatoa kuku uani. Kisha akakaa nyuma ya wifi yake kwenye mkeka, akapitisha mikono yake kushoto na kulia, kama anamsuka nywele, akaishika ile mikono miwili kwa viganja vyake vilivyopasuka kwa magadi.

“Legeza.”

“Nimelegeza.”

“Hujalegeza, umekaza kama umeshika jeneza. Legeza. Maiti haondoki ukimwacha kidogo, na asumini vilevile. Haya. Jani lipumue. Asumini hapo, si hapo, hapo. Rehani kidogo, tusije tukampikia mchuzi. Sasa usifunge.”

“Nisifunge?”

“Zungusha tu. Kikuba hakifungwi, kinazuiliwa. Zungusha mara moja, pitisha chini, uache mkia.”

Vidole vya Mwatumu vilizungusha, vikapita chini, kisha kwa ukaidi wao wa miaka thelathini vikaanza kuteremka kwenda kiunoni. Nasra akavipiga kofi. Vikasimama. Wakangoja wote wawili, kama watu wanaongoja mnyama atoke mlangoni. Vidole havikwenda.

Mwatumu aliweka ile sabuni kwenye mkeka. Ilikuwa imekaa upande kidogo, jani moja limechomoza, lakini ilikuwa na fundo moja, na mkia mmoja wa ukindu uliosema wazi, nivute.

Idarusi alikuwa ameinuka kwa kiwiko, redio imemwangukia tumboni.

“Nyingine,” alisema Nasra.

Walifunga ya pili, mikono juu ya mikono. Ya tatu Nasra aliachia kidogo. Ya nne aliachia, akabaki anatukana tu. Kufikia ya saba, asumini zilikwisha na Idarusi akatumwa kwa jirani akachume nyingine, akaenda bila kuuliza, viatu kavigeuza, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Kufikia ya kumi na moja, Mwatumu alikuwa anafunga macho yamefumba nusu, kichwa kinamwendea kifuani, na mikono yake inazungusha, inapitisha, inaacha mkia.

“Ziko kumi na mbili,” alisema, na akaegemea nguzo ya upenu. Hakuwa na nguvu ya kufurahi. Aliyatamka hayo kama mtu anayesema maji yamechemka.

“Zimependeza,” alisema Nasra. “Nimesema zimependeza, usinishike kwa hilo. Zimependeza, na utazipeleka zile nyeupe.”

“Nasra.”

“Usiniite Nasra. Nimekusaidia kwa sababu macho yangu yaliuma. Hizi hazina mnunuzi. Hizi hazijafika hata mlangoni, sokoni zitafika lini? Kamati inataka mtu aliyenunua, hapa nani amenunua? Kaka, amenunua?”

Idarusi, ambaye alikuwa ameshika moja ameiweka puani kwa muda mrefu kidogo kuliko heshima inavyoruhusu, aliirudisha haraka.

“Wakinirudisha, wamenirudisha,” alisema Mwatumu.

“Wakikurudisha! Na mimi? Ukirudishwa wewe unarudi hapa, unalala, mtu anakufa, unakwenda. Mimi narudi wapi? Mimi nina sufuria la watu na sabuni ambayo...”

“Tutaifunga hivi, tuirudishe sokoni.”

“Nani atasimama nayo? Wewe? Watavua viatu tena!”

“Utasimama wewe.”

“Mimi?”

“Nafunga mimi, unasimama wewe. Wewe wakikuona hawahesabu watoto.”

Nasra alizitazama zile kumi na mbili za kijani, akazitazama zile kumi na mbili nyeupe kapuni, akaitazama mikono yake.

“Miaka tisa sijasimama na kikuba mbele za watu,” alisema taratibu. “Watasema amefuata mume. Watasema, huyu naye na uzee wake... Na yule Rahila, unamjua mdomo wake, yule atanisimamia pale aniulize, mbele ya soko zima, Nasra, hiyo sabuni unamwogea nani? Nami nitamjibuje? Eh? Nitamwambia...”

Kengele ya baiskeli ililia nje ya ua. Mwatumu alinyoosha mguu, bila kuinuka, akalisukuma kapu la nyeupe mpaka likaingia chini ya kitanda cha Idarusi, na mlango wa bati ukasukumwa, na mwalimu Bertha akaingia jasho linamtiririka, daftari kwapani.

“Shikamooni,” alisema. Kisha akavuta pumzi kwa pua, akaangalia kwenye mkeka, palipokaa zile sabuni za kijani, mikia yake ya ukindu ikingoja kuvutwa.